MIZABIBU MIKONGWE YA SWARTLAND: UMRI UNA BEI, LAKINI NANI ANAILIPA?

Kilo moja ya zabibu haiji mizanini na cheti cha kuzaliwa. Iwe imetoka kwenye mzabibu wa miaka 6 au wa miaka 60, mizani inasoma kilo moja na mhasibu wa kiwanda anaandika kilo moja. Ndiyo maana kwa miaka mingi, katika jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, mzabibu uliozeeka ulitazamwa kama ng'ombe aliyekauka maziwa. Unakula gharama, hauzalishi, basi ung'olewe.

Hata hivyo, katika wilaya ya Swartland, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kaskazini mwa Cape Town, limejitokeza kundi la watengenezaji wadogo wa mvinyo ambao wanaitafuta mizabibu hiyo hiyo iliyokataliwa, na wanailipia zaidi. Wengi wao hawana shamba. Wana mapipa ya mitumba, kinu cha kukamulia, banda la kukodi na orodha ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Wanatengeneza kile kinachoitwa mvinyo wa asili, yaani mvinyo ambao haukuongezwa kitu, au umeongezwa kidogo mno.

Kwa msomaji wa safu hii, ambaye huenda hanywi kabisa, biashara hii inafaa kutazamwa kwa sababu moja: ni mfano safi wa bidhaa ambayo bei yake ya shambani na bei yake ya rafuni zimeachana njia. Katikati yake yupo mtu mwenye mtaji mdogo anayejaribu kuziunganisha kabla mkulima hajaleta trekta la kung'oa.

MIZABIBU HII ILIBAKIJE?

Zabibu za Rasi si jambo jipya. Mvinyo wa kwanza wa huko ulikamuliwa Februari 1659, enzi za Jan van Riebeeck na Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki. Lakini soko tunalolizungumzia lilijengwa na chama cha ushirika cha KWV kilichoundwa mwaka 1918. KWV kilipanga bei ya chini, kilinunua ziada, na kuanzia mwaka 1957 kilisimamia mgawo uliosema nani alime zabibu wapi na kiasi gani. Mkulima alikuwa na mnunuzi wa uhakika, na kilichomfaa ni uzito. Aina iliyompa uzito bila kumsumbua ni Chenin Blanc, ambayo wenyeji waliiita Steen. Ikapandwa kwa wingi, na sehemu kubwa ikaishia kwenye mitambo ya brandi na kwenye mvinyo wa bei nafuu.

Mwaka 1992 mgawo ulifutwa. Vikwazo vya kiuchumi vilikuwa vinaondolewa, soko la Uingereza likafunguka, na wanunuzi wa huko walitaka Cabernet Sauvignon, Merlot na Shiraz. Wakulima wenye mtaji waling'oa Chenin wakapanda walichoambiwa. Wasio na mtaji, au wale ambao riziki yao kubwa ilikuwa ngano au rooibos na zabibu zilikuwa nyongeza tu, waliiacha mizabibu ilipo. Kwa hiyo mashamba mengi yanayosifiwa leo yalibaki kwa sababu kuyafumua kulikuwa hakulipi, si kwa sababu kuna aliyeona thamani yake. Hili nalisisitiza kwa kuwa vijitabu vya matangazo hupenda kuliruka.

Aliyeanza kuyahesabu kwa makusudi ni Rosa Kruger, mtaalamu wa kilimo cha mizabibu, kuanzia mwaka 2002. Alikuwa na bahati ya kuwa na kumbukumbu: shirika la takwimu za mvinyo la nchi hiyo, SAWIS, lina daftari la mashamba linaloonyesha mwaka wa kupandwa. Mwaka 2016 ukaanzishwa Mradi wa Mizabibu Mikongwe kwa fedha za kuanzia kutoka kwa tajiri Johann Rupert. Mwaka 2018 mradi ukatoa muhuri wa chupa unaoonyesha mwaka ambao shamba lilipandwa, kwa mashamba yenye umri wa miaka 35 na kuendelea tu.

Ukubwa wa soko la malighafi ni huu: Afrika Kusini ina chini ya hekta 90,000 za zabibu za mvinyo, na kati ya hizo zilizopita miaka 35 ni zaidi kidogo ya hekta 4,000. Karibu nusu ya hizo ni Chenin Blanc ileile iliyodharauliwa.

HESABU YA MKULIMA NA HESABU YA CHUPA

Tuweke kalamu kwenye karatasi. Tarakimu zifuatazo za bei ni za mfano, lakini uwiano wake hauko mbali na hali halisi.

Shamba changa lenye umwagiliaji linaweza kutoa tani 15 kwa hekta bila shida. Shamba kongwe lisilomwagiliwa, lenye miti isiyofungwa kwenye waya bali iliyopogolewa ikasimama kama kichaka, huenda likatoa tani 3. Miti mingine imekufa na kuacha mapengo, mingine ina virusi vya kukunja majani, na yote ina hulka ya mzee: inafanya kazi polepole. Zabibu zake huchumwa kwa mkono kwa sababu mashine haiwezi kupita juu ya kichaka.

Kama kiwanda kinalipa randi 5 kwa kilo, mwenye shamba changa anapata randi 75,000 kwa hekta. Mwenye shamba kongwe anapata randi 15,000. Ili naye afikishe 75,000 anahitaji randi 25 kwa kilo, yaani mara tano. Kila mfanyabiashara wa mazao akisikia mara tano hutikisa kichwa na kwenda kwa jirani. Na kwa ununuzi wa wingi, wa mvinyo unaosafirishwa kwa matangi, kutikisa kichwa ni uamuzi sahihi.

Lakini sasa tuitazame chupa. Kwa ukamuaji wa taratibu, kilo moja ya zabibu hutoa takribani theluthi mbili ya lita, tuseme lita 0.65. Chupa ya mililita 750 basi inahitaji kilo 1.15 hivi. Kwa zabibu za randi 5, gharama ya zabibu ndani ya chupa ni kama randi 6. Kwa zabibu za randi 25 ni kama randi 29. Tofauti yote, ile iliyomfanya mnunuzi wa wingi atoke mbio, ni randi 23 kwa chupa.

Mtengenezaji anayeuza chupa yake kwa randi 40 hawezi kuibeba tofauti hiyo. Anayeuza kwa randi 200 anaweza. Hapo ndipo penye kiini cha biashara yote: mzabibu mkongwe haufi kwa kukosa ubora, unakufa kwa kuuzwa kwenye soko linalopima uzito. Ukihamishwa kwenye soko linalohesabu chupa, pengo la mara tano linageuka kuwa sehemu ndogo ya bei.

Aliyelionyesha hili mapema ni Eben Sadie, ambaye chupa yake ya Columella ya mwaka 2000 ndiyo iliyoiweka Swartland kwenye ramani ya wanunuzi wa mvinyo ghali. Baadaye alitoa mfululizo wa mvinyo kutoka mashamba makongwe mmoja mmoja, kila chupa na jina la shamba lake. Mmojawapo, Mev. Kirsten, unatoka kwenye Chenin ya Stellenbosch iliyopandwa mwaka 1905. Hakuna kiwanda cha kawaida ambacho kingeweza kufunga hesabu kwa shamba la aina hiyo. Yeye aliweza kwa kuwa alikuwa anauza shamba lenyewe ndani ya chupa, na idadi ya chupa ina kikomo.

NA HUO UASILI?

Jina "mvinyo wa asili" halina maana moja kisheria katika nchi nyingi, na mfanyabiashara anayelitumia ovyo atapata taabu. Ufaransa mwaka 2020 ilikubali alama inayodai zabibu za kilimo hai, zilizochumwa kwa mkono, zikachachuka kwa hamira zilizokuja nazo kutoka shambani, na salfaiti zisizozidi miligramu 30 kwa lita. Linganisha na kanuni za Umoja wa Ulaya, zinazoruhusu miligramu 150 kwa mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida. Swartland nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliona wazalishaji wake huru wakijifunga kwa masharti yao wenyewe: hakuna hamira ya dukani, hakuna kuongeza asidi, hakuna kuongeza maji.

Kwa mhasibu, masharti haya yana pande mbili. Upande wa akiba, mtengenezaji hanunui hamira, vimeng'enya wala tindikali, na hahitaji mapipa mapya ya mwaloni wa Kifaransa kwa sababu hataki ladha ya mbao. Mapipa yaliyokwisha kutumika yanamtosha. Upande wa hasara, ameiondoa bima. Salfa ndiyo inayozuia bakteria wa siki na ladha mbovu ambazo wajuzi huzilinganisha na harufu ya ngome ya panya. Pipa moja la lita 225 lina chupa 300. Kwa bei yetu ya mfano ya randi 200, pipa likigeuka siki zimepotea randi 60,000, na hakuna kampuni ya bima itakayofurahi kusikia kwamba dawa iliachwa kwa makusudi.

Kwa hiyo anayefanya kazi hii kwa akili si yule asiyefanya kitu. Anachuma mapema wakati asidi ya zabibu bado iko juu, maana asidi ndiyo kinga yake. Anatupa vichala vilivyooza kabla havijafika banda. Anaosha mabomba kama muuguzi. Pipa analijaza hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi. Mwekezaji anayetaka kujua kama mtu huyu ataziona fedha zake tena asiangalie lebo yenye mchoro wa kupendeza. Akaangalie sakafu.

KIBALI CHA KUTOKA BANDARINI

Kuna hatari nyingine ambayo haimo shambani wala pipani. Mvinyo wa Afrika Kusini unaotaka kutoka nje huku umebeba jina la eneo lake hupitia chombo rasmi cha kuthibitisha mvinyo, ambacho huupima maabara na kuuweka mbele ya jopo la waonjaji. Utaratibu huo wa majina ya maeneo ulianza mwaka 1973, na umesaidia sana kulinda sifa ya nchi. Lakini jopo lililozoea mvinyo mweupe ulio angavu kama maji ya chemchemi, likiletewa Chenin iliyochachuka pamoja na maganda yake, yenye rangi ya chungwa na ukungu kidogo, litafanya nini? Litaikataa.

Ndivyo ilivyomkuta Craig Hawkins, aliyeanza kutengeneza mvinyo wa asili huko Swartland mwaka 2008 kwa jina la Testalonga, jina la jambazi wa zamani wa Sisilia. Mapema miaka ya 2010 baadhi ya mvinyo wake ulinyimwa kibali cha kusafirishwa nje ingawa wanunuzi wa Ulaya walikuwa tayari wanausubiri. Fikiria hali ya mizania yake: zabibu zimelipwa, chupa zimelipwa, mteja yupo, na mzigo umekaa.

Mwaka 2015 kanuni zilirekebishwa na kuongeza madaraja mapya, likiwemo la mvinyo mweupe uliochachushwa na maganda na la mvinyo usiofuata mkondo wa kawaida. Ni mara chache serikali huandika upya kanuni kwa ajili ya wazalishaji wadogo kiasi hiki, na sifa ziende pia kwa maofisa waliokubali kusikiliza. Somo la kibiashara ni kwamba bidhaa ngeni inahitaji jina kwenye daftari la mkaguzi kabla ya kuhitaji jina kwenye rafu.

MIEZI KUMI NA MINANE BILA FEDHA

Turudi kwenye mtaji. Mtengenezaji mdogo akinunua tani 10 za zabibu kwa randi 25 kwa kilo, analipa randi 250,000 wakati wa mavuno, kati ya mwishoni mwa Januari na Machi. Kutoka hapo anapata chupa zipatazo 8,600. Mvinyo unakaa pipani miezi kumi au zaidi. Ndipo anunue chupa, vizibo, lebo na makasha, vyote kabla ya kuuza hata tone moja. Mnunuzi wa nje hulipa baada ya siku 60 au 90 tangu mzigo upokelewe. Wakati huo mavuno ya mwaka unaofuata yamekwisha kuingia na mkulima anataka chake tena.

Kwa maneno mengine, mtu huyu anafadhili mavuno mawili kwa fedha za mauzo ambayo hayajafanyika. Benki haimwamini kwa sababu hana ardhi ya kuweka rehani. Wengi huishi kwa kutengeneza mvinyo wa bei ya kati unaouzwa haraka, ili ule wa shamba kongwe upate muda wa kukaa. Wengine huuza kwa malipo ya kabla, ambapo waagizaji wao hutanguliza sehemu ya fedha. Mwaka 2020, serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa pombe nchini kuanzia Machi 27, na kisha kurudia marufuku hiyo mara kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, wale waliotegemea wateja wa ndani na wageni wa kuonja waliumia zaidi. Usafirishaji nje nao ulisimamishwa kwa muda mwanzoni, lakini ulirudi mapema, na aliyekuwa na waagizaji watatu katika nchi tatu alikuwa na pa kushika.

JE, NI BIDHAA ISIYOONGEZEKA?

Wapo wauzaji wanaosema kwamba mizabibu mikongwe ni kama viwanja vya ufukweni: haitengenezwi mingine. Safu hii haikubaliani nao moja kwa moja. Shamba lililopandwa mwaka 1995 linatimiza miaka 35 mwaka 2030, na miaka ya 1990 walipanda sana. Kinachozuia ugavi si kalenda. Ni kwamba mashamba ya kawaida hung'olewa yakifika miaka 20 au 25, mavuno yanapoanza kushuka. Ugavi wa kesho utategemea kama mkulima wa leo atapata mtu wa kumlipa katika ile miaka kumi ya ubaya, ambapo shamba limechoka kwa kiwanda na bado halijazeeka kwa muhuri. Miaka hiyo kumi haina soko kwa sasa, na kwa maoni yangu mwenye subira na fedha angeitazama hiyo kabla ya kukimbilia chupa zenye tarehe za 1905.

Pia kuna swali la ubora, ambalo mnunuzi wa chupa ghali ana haki ya kuliuliza. Je, uzee wenyewe ndio unaoleta mvinyo mzuri? Mizizi iliyokwenda chini sana husaidia mti kuvumilia ukame, na hilo lilionekana katika ukame mkali wa Western Cape wa miaka ya 2015 hadi 2018. Mavuno madogo nayo hukoleza ladha. Lakini tusisahau kwamba mashamba mabaya yalikwisha kung'olewa zamani. Yaliyobaki yanaonekana bora kwa sehemu kwa sababu wenzake dhaifu hawapo kulinganishwa nayo. Mwenye kufanya biashara ya hisa anaujua mtego huu: ukiyapima makampuni yaliyosalia tu, soko lote litaonekana zuri.

Chenin Blanc hulimwa pia Dodoma, na huko kilio cha mkulima kinafanana na cha Swartland ya zamani: zabibu zipo, mnunuzi ni mmoja au wawili, na malipo ni kwa kilo. Tofauti kubwa ni hali ya hewa. Dodoma mzabibu haulali majira ya baridi, na huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo uzee wake hauwezi kuhesabiwa kwa kalenda ya Rasi. Anayetaka kuuza umri wa mizabibu ya Dodoma atahitaji kwanza kile alichokikuta Rosa Kruger, yaani daftari linaloonyesha lini kila shamba lilipandwa. Bila daftari, mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni maneno ya muuzaji.

Kuhusu mikataba, tatizo la Swartland bado halijatatuliwa. Mtengenezaji asiye na ardhi hulijengea shamba jina kwa miaka kadhaa, kisha mwenye shamba, kwa haki yake, hupandisha bei au huwauzia wengine zabibu zilezile. Baadhi yao sasa hukodi shamba kwa muda mrefu na kulihudumia wenyewe, wakimlipa mkulima kwa hekta badala ya kwa tani. Malipo ya hekta humtoa mkulima kwenye mizani: mti ukitoa kilo moja au tano, kodi ni ileile, na hana sababu ya kuukamua wala kuung'oa. Gharama yake ni kwamba mwaka wa ukame hasara yote inahamia kwa mpangaji, ambaye ndiye mwenye mtaji mdogo zaidi kati ya hao wawili.

Uamuzi wa kung'oa hufanywa baada ya mavuno, miti inapopukutisha majani na kabla ya kupogoa, yaani majira ya baridi ya huko kati ya Mei na Agosti. Mnunuzi anayetaka shamba fulani libaki anatakiwa awe amekwisha kuweka ofa yake mezani kufikia hapo. Akisubiri zabibu ziive ndipo apige simu, huenda akaambiwa kwamba pale pamepandwa ngano.